Kabla hujahesabu anakwama mara ngapi, muulize anajisikiaje akiongea

(Hii ni hotuba kuhusu watoto wadogo wenye kigugumizi, niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi na walimu wa chekechea. Walioikosa wameomba niiandike, nimeiandika kama nilivyoongea, sijaipiga pasi sana. Humu hamtaona sehemu nilizokwama ila nilikwama, waliokuwepo wanajua, neno "wazazi" peke yake lilinichukua muda.)

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu, wazazi wenzangu, bibi zetu mliokuja na wajukuu, habari za asubuhi.

Mmeona hapo? Hiyo shikamoo nimeanza nayo makusudi. Kwenu nyie ni salamu tu, inatoka yenyewe mtu hata hujafikiria, ila kwa mtoto mwenye kigugumizi shikamoo ni mlima kabisa kwa sababu haina mbadala. Neno "maji" likimkwamia anaweza akanyoosha kidole kwenye ndoo, akasema "hicho", akasema "nina kiu", akazunguka huko nyuma akatokea. Shikamoo huizunguki. Mkubwa kasimama mbele yako anasubiri, ile "sh" inavutika tu, shhhh, na yeye ameshaanza kukukodolea mdomo. Mimi nikiwa na miaka kama mitano nilikuwa nikisikia hodi nyumbani nakimbilia nyuma ya pipa la maji, nakaa hapo mpaka mgeni aondoke. Nikawa maarufu mtaani kwa kukosa adabu. Nilichapwa, nilisemwa, nilifundishwa kusalimia upya kama vile sijui salamu, marehemu bibi yangu akanipeleka mpaka kwa mzee mmoja anifunue mdomo aangalie kama nina udata, kile kinyama kinachoshika ulimi kwa chini, anikate, bahati nzuri yule mzee akasema huu ulimi mzima, rudini nyumbani. Yaani ulimi wangu watu waliumulika kwa tochi. Ila swali moja tu, "mjukuu wangu, ukitaka kuongea unajisikiaje?", hilo hakuna aliyeniuliza, na nilikuja kuulizwa nikiwa mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa ndo nililoitiwa hapa leo. Kumuuliza mtoto. Mtoto mdogo kabisa, wa miaka mitatu, minne, mitano.

Niseme kidogo kuhusu kigugumizi chenyewe halafu tupite haraka, kwa sababu haya mengi mnayajua. Kwa kawaida kinaanza kati ya miaka miwili na mitano. Kati ya watoto 100 kama 5 hivi wanakipitia, na kwa wengi wao kinaondoka, ndo maana ukihesabu watu wazima unakuta kama 1 tu kati ya 100. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, na kinatembea kwenye koo, mimi mjomba wangu alikuwa nacho na mtoto wake anacho. Kinahusu jinsi ubongo unavyopanga na kuendesha usemi. Sio uvivu, sio kurogwa, sio kwamba mama alimkaripia alipokuwa mchanga, naomba akina mama hilo mlisikie vizuri kwa sababu najua mnavyosemwa na mawifi. Na hilo jina lenyewe sasa, ki-gu-gu-mi-zi, aliyelitunga hakutupenda kabisa, yaani mtu anayekwama umpe neno lenye "gu" mbili mfululizo ndo ajitambulishe nalo.

Turudi kwa mtoto. Kwa kuwa kwa wengi kinaondoka, ushauri unaozunguka mtaani ni huu: subiri, nyamaza, usimwambie kitu, usimuulize, akijua anacho ndo kitakomaa. Mmeusikia? Naona mama pale anatingisha kichwa. Na sio mtaani tu, hata baadhi ya watu wa hospitali wanausema. Huu ushauri haukuota kama uyoga, una historia yake, na historia yenyewe inauma.

Kulikuwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, Wendell Johnson, naye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Nadharia yake ilikuwa kwamba kigugumizi kinatengenezwa na watu wazima, mtoto anababaika kidogo kama watoto wote, mzazi anashtuka, anampachika jina la kigugumizi, basi mtoto anaanza kujiogopa na kigugumizi cha kweli kinazaliwa. Mwaka 1939 mwanafunzi wake Mary Tudor, chini ya usimamizi wake, akaenda kwenye kituo cha yatima mjini Davenport akafanya jaribio kwa watoto 22. Humo kulikuwa na watoto walioongea vizuri tu bila tatizo, ila wakaambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, wajirekebishe haraka, bora wasiongee kabisa kama hawana uhakika watasema sawasawa. Yatima, jamani. Hana baba wa kukimbilia aulize hivi ni kweli. Matokeo yakafichwa kwenye makaratasi ya chuo miaka na miaka, mpaka mwaka 2001 gazeti la San Jose Mercury News likayaanika, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kwa waathirika, wengine walikuwa wameshafariki zikaenda kwa familia zao.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasema umeona, ukimwambia mtoto ana kigugumizi anakipata. Hapana. Mwaka 2002 watafiti wawili, Nicoline Ambrose na Ehud Yairi, walirudia yale makaratasi moja moja, na hawakukuta ushahidi kwamba wale watoto waligeuzwa kuwa na kigugumizi. Kilichotokea ni kingine. Walianza kunyamaza. Wakawa waoga wa kuongea, wanajibu kwa neno moja, wanaona aibu. Ulimi ulibaki mzima ila hisia za mtoto juu ya kuongea kwake zikavunjika. Kwa hiyo haya ni mambo mawili tofauti, kuna kukwama na kuna mtoto anavyojiona anapoongea, na hili la pili linaweza kuharibika hata kwa mtoto asiyekwama kabisa. Na kilichoharibu kule Davenport ni vile kuambiwa kwamba usemi wako ni kosa, funga mdomo mpaka uwe umekamilika. Kuuliza kwa upole hakumo kwenye kesi ile, tusikubambikie kosa hilo.

Alafu kuna hili la "asijue". Ndugu zangu, anajua.

Kule Israeli walifanya kitu kizuri sana, matokeo yakatoka mwaka 2001, Yairi huyo huyo alikuwa mmoja wao. Walichukua watoto 79 wasio na kigugumizi, wa miaka mitatu mpaka saba, wakawaonyesha wanasesere wawili wanaofanana kila kitu, mmoja anaongea bila kukwama mwingine anakwama. Wakawauliza, wanaongea sawa hawa? Nani anaongea kama wewe? Ungependa kucheza na yupi? Kuanzia miaka mitatu wapo walioanza kutofautisha, wakifika mitano wengi wameelewa kabisa, na kuanzia kama minne hivi wanaanza kumwona yule anayekwama kwamba haongei vizuri. Walimu wa chekechea nisikilizeni hapa. Hao ni watoto WASIO na kigugumizi. Maana yake darasani kwako yale madogo ya miaka minne yaliyokaa kwenye mkeka yameshamsikia mwenzao na yameshaanza kumpa maksi. Wewe unadhani siri iko kwako na mama yake tu.

Na Ubelgiji waliwauliza wazazi wa watoto zaidi ya 1,000 wenye kigugumizi, wa miaka miwili mpaka saba, mtoto wako anaonyesha kujua kwamba anakwama? Hata kwa wale wa miaka miwili, zaidi ya nusu ya wazazi walisema ndiyo. Miaka miwili! Bado anavaa pampasi na anajua.

Kwa hiyo swali la "ajue asijue" limeshapita. Lililobaki ni kwamba anajua, je anajua akiwa peke yake nyuma ya pipa au anajua na wewe uko naye?

Sasa wataalamu wanapimaje hizi hisia. Zamani ilionekana haiwezekani kumpima mtoto mdogo, kulikuwa na maswali ya watoto wa shule tu, aliyatunga Gene Brutten, mtoto anayasoma mwenyewe anajibu kweli au si kweli. Mtoto wa miaka minne hasomi. Basi Brutten akiwa na Martine Vanryckeghem, mama mmoja mtaalamu wa kigugumizi pale Chuo Kikuu cha Central Florida, wakatengeneza kipimo cha wadogo kinaitwa KiddyCAT, kilichapishwa mwaka 2007. Ni maswali 12 tu. Mtaalamu anauliza kwa mdomo, mtoto anajibu ndiyo au hapana, basi. Yanahusu kama kuongea kwake ni kugumu, kama yeye mwenyewe anapenda anavyoongea, kama wengine wanapenda, mambo kama hayo. Kila jibu linaloonyesha mtoto anaona kuongea kwake kuna shida linapewa pointi 1, kwa hiyo maksi ni kuanzia 0 mpaka 12, na hapa kupata nyingi sio sifa.

Walipowajaribu watoto wa miaka mitatu mpaka sita, 45 wenye kigugumizi na 63 wasio nacho, wenye kigugumizi walipata wastani wa zaidi ya 4 na wenzao chini ya 2. Na kilichonishangaza mimi ni kwamba umri haukuleta tofauti kubwa, wale wadogo wa miaka mitatu na minne walikuwa wameshaanza kuona vibaya kama wale wa mitano na sita. Mimi nilivyosoma hilo nilikaa kimya kidogo, nikalikumbuka pipa.

Sio kwamba kipimo hiki ni msahafu. Wapo watafiti huko huko Marekani waliohoji, wakasema haya maswali mengi yanauliza kama kuongea ni kugumu, sasa mtoto akijibu "ndiyo ni kugumu" hapo umepima hisia au umepima tu kwamba anaujua ukweli? Na mimi naona wana hoja. Mtoto anaweza akajua kabisa kwamba anakwama na wala asijali, anakwama anacheka anaendelea na hadithi yake ya paka. Mwingine anakwama mara mbili tu kwa siku na anaumia mpaka anaacha kuomba chakula. Ndo maana ukihesabu kukwama peke yake unadanganyika, na ukipima kujua peke yake pia unadanganyika. Kile kidogo cha tatu, anajisikiaje, hicho ukitafute kwa njia zaidi ya moja.

Hapa sasa nifike kwenye kitu ninachokipenda na ambacho vitabu vya wenzetu havina, yaani Kiswahili chenyewe. Usichukue maswali ya Kiingereza ukayageuza neno kwa neno ukamsomea mtoto, utapata majibu ya ajabu. Mimi nilikosea sana mwanzoni. Nilikuwa namuuliza mtoto, "unaongea vizuri?" Wote wananijibu ndiyo, hata yule ambaye kutaja jina lake tu kunamtoa jasho. Nikajiuliza hawa vipi. Mpaka siku moja nikamsikia mama mmoja nje anamwambia mwanae anayedeka, "ongea vizuri!" Nikajipiga kofi kichwani. Kumbe kwetu kuongea vizuri ni kuongea kwa adabu! Mtoto alikuwa ananijibu kwamba mimi situkani watu.

Ukiuliza "maneno ni magumu?" naye anafikiria maneno magumu ya kitabuni, au yale makali ya mama akigombana na jirani. Ukiuliza "watu wanapenda unavyoongea?" anakumbuka anavyoambiwa ana domo, anaongea sana. Na jihadhari kabisa na swali la kukanusha. "Huwa hukwami?" Mtoto anasema "eeh". Eeh maana yake sikwami, au eeh nakwama? Wewe mwenyewe ukiulizwa "hujala?" unajibu "ndiyo, sijala". Kwa hiyo ile ndiyo ya Mswahili inakubaliana na swali lilivyoulizwa, na mpimaji asiyejua hilo atampa mtoto pointi asizostahili au atamnyima.

Alafu kuna adabu. Mtoto wetu ameshafundishwa mkubwa akiuliza unaitikia. Ukikaa mbele yake na karatasi na kalamu na sauti ya kiofisi utapewa ndiyo kumi na mbili, atakukubalia mpaka kwamba anaishi mwezini. Mimi huanza na maswali ya kipuuzi kwanza. Ng'ombe anapanda mti? Wewe unaitwa Samaki? Mpaka anicheke aseme HAPANAAA kwa sauti, hapo najua hapana yake inafanya kazi, ndo nianze. Na badala ya ndiyo na hapana mara nyingi nampa viwili achague: ukitaka kusema kitu, kinatoka chenyewe au kinakwama? Kikikwama, unasikia kawaida au unasikia vibaya? Na nabadilisha mpangilio, kwa sababu wadogo wanapenda kuchagua la mwisho walilosikia. Na muulize kwa lugha anayochezea. Kama nyumbani ni Kisambaa au Kisukuma na Kiswahili amekikuta chekechea, basi tafuta mtu amuulize kwa Kisambaa, vinginevyo utapima ugeni wa lugha ukauita kigugumizi.

Na tafadhali, ile wastani ya 4 ya Marekani usiichukue ukamwekea mtoto wa Korogwe ukasema huyu kapita huyu kafeli. Maswali ukishayabadilisha lugha na vipimo vyake vinabadilika, mpaka watoto wetu wengi wapimwe kwa Kiswahili ndo tujue wastani wetu. Kwa sasa tumia majibu kama mlango wa maongezi. Akisema "baba hapendi ninavyoongea", hiyo huhitaji kuijumlisha na kitu chochote, hiyo peke yake inatosha kukaa chini na baba.

Ambao hamna vipimo wala mtaalamu karibu, na najua ndo wengi, hii taaluma kwetu bado changa, Makerere pale Kampala walianza kufundisha wataalamu wa usemi mwaka 2008 tu, ukipata hospitali yenye mtaalamu nenda usisite hasa kama kigugumizi kimepita miezi kadhaa au kwenye ukoo yupo mtu mzima mwenye nacho. Ila hata ukiwa huku kwetu masikio unayo. Msikilize anachosema anapokwama. Mtoto akianza "mama n-n-n-na..." halafu akasema "basi, acha tu", hiyo "acha tu" iandike mahali. Ni neno la mtu mzima aliyechoka, mtoto wa miaka minne amelitoa wapi? Nyingine ni "nisemee". "Mama nisemee kwa mwalimu nataka kukojoa." Mara moja moja ni utoto wa kawaida, kila siku, tena kwa mtu huyo huyo, pale kuna kitu. Angalia mkono unaoziba mdomo, sauti inayogeuka kunong'ona, macho yanayokimbilia chini, mtoto aliyekuwa anaimba nyimbo zote sasa anachezesha midomo tu. Na yule anayekataa kumpokea babu simu, msiseme hampendi babu, kwenye simu huwezi kunyoosha kidole kwenye ndoo. Na yule asiyesalimia.

Mwalimu mmoja aliniambia, mimi mwanafunzi wangu hana shida yoyote, tangu muhula uanze sijamsikia akikwama hata mara moja. Nikamuuliza, umemsikia akiongea? Akafikiria... akasema kwa kweli ni mtoto mkimya sana.

Sasa jibu ukishalipata unalifanyaje, maana hapa ndo wazazi wengi wanaogopa. Mtoto amekuambia "maneno yangu mabaya" au "mdomo wangu umeharibika", hilo la mdomo kuharibika nimelisikia kwa masikio yangu kwa binti wa miaka minne. Roho inakuuma, unataka umfute haraka, "hapana mwanangu unaongea vizuri sana!" Usifanye hivo. Yeye anajua ulichosema si kweli, na sasa amejifunza kwamba jambo hili hata mama haliwezi. Mwambie kilicho kweli. Eeh, neno lilikwama, nimeona, linasumbua eh? Mimi nakusubiri, sina haraka. Basi. Yule binti nilimwambia na mdomo wangu huwa unakwama, akanitazama mdomo muda mrefu kama anakagua fundi alivyofunga bomba, akasema, "na wewe ni mkubwa?" Nikamwambia na mimi ni mkubwa. Akaniuliza kama nina gari.

Na zile "pumua kwanza", "sema taratibu", "anza upya", punguzeni wapendwa. Najua mnazisema kwa mapenzi. Ila mtoto anachosikia ni kwamba hujasikiliza habari yake ya paka, umesikiliza ulimi wake. Wewe ndo upunguze mwendo, ukiongea taratibu na yeye atapata nafasi, usimmalizie neno, mjibu kile alichosema. Na salamu, jamani walimu, kubalini hata mkono, hata kuinama, hata atabasamu, shikamoo itakuja yenyewe siku ikiwa tayari. Mimi yangu ilikuja nikiwa darasa la tano na hakuna aliyekufa.

Niwaambie kitu kimoja nilichokikuta nikiwa mkubwa. Madrasa tulifundishwa ile dua ya Nabii Musa, na mimi kwa tatizo langu niliambiwa niisome sana, nilikuwa naisoma nikiwa nimeuelekeza ulimi wote kwenye lile fungu la kuomba fundo la ulimi lifunguliwe. Wakristo nanyi mnamjua Musa, aliyesema ulimi wake ni mzito. Sasa mimi miaka yote niliruka mwanzo wa ile dua. Kabla hajafika kwenye ulimi, Musa anaanza kwa kuomba akunjuliwe kifua. Kifua kwanza, halafu kazi iwe nyepesi, fundo la ulimi linakuja baada ya hapo, na anataja kwa nini, watu wapate kumwelewa. Hakuomba asikwame tena maishani. Sisemi mimi ni shehe, masheikh mpo hapa mtanisahihisha, ila nilipoligundua hilo nilihisi mtu ameniuliza lile swali la nyuma ya pipa.

Nimeshazidisha muda, mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla ya chai tutafanya mazoezi. Pale mezani kuna soksi, mke wangu kazifua msiogope, nimezichora macho na midomo, zote zinafanana, hakuna yenye sura nzuri kuliko nyingine, hiyo muhimu sana msije mkamfanya anayekwama ndo mbaya wa hadithi. Mkae wawili wawili, mmoja mtoto mmoja mzazi. Soksi moja inaongea inatiririka, nyingine inakwama, zote zinasimulia kitu kile kile, mfano zimeenda sokoni kununua maembe. Halafu unauliza, hawa wanaongea sawa? Nani anaongea kama wewe? Huyu akikwama anasikiaje moyoni? Na ukishauliza nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, usimsaidie kujibu. Utaona kumi ilivyo ndefu.

Mzee pale nyuma, babu yangu, shhh... shikamoo, wewe na bibi chukueni zile za bluu.